Natengeneza programu ya kupima rangi za mashine ya gemu ya kaseti (Famicom na nakala zake): rangi nambari $22 ni ya buluu au ya zambarau?

#1 KasetiSitini

Wakuu, salaam. Ninaandika kwa lugha ya asembla programu ndogo ya kupima rangi za Famicom, ile mashine ya Nintendo iliyotoka Japani Julai 1983, ambayo wengi wetu tuliijua kupitia nakala za bei nafuu zenye kaseti za miguu 60. Programu inaonyesha vigae vya rangi kwenye runinga, kila kigae kikiwa na nambari yake, ili mwenye mashine aone kama chipu yake ya picha, kebo yake na runinga yake vinafanya kazi inavyotakiwa.

Kuandika programu si kazi kubwa. Ninachokwama ni kujua rangi iliyo sahihi ni ipi. Chipu ya picha ya mashine hii haina jedwali la nyekundu, kijani na buluu. Inapokea nambari ya biti sita, ambapo biti nne za chini huchagua aina ya rangi na mbili za juu huchagua mng'ao, kisha inatoa moja kwa moja wimbi la video lililokwisha kuchanganywa na kuiachia runinga kazi ya kulifasiri. Nambari $22 (alama ya $ inaonyesha hesabu ya msingi wa 16), ambayo ndiyo anga ya Super Mario Bros., kwenye runinga yangu ya chogo ni ya buluu iliyopauka. Kwenye runinga bapa ya sebuleni inaelekea zambarau. Na emuleta mbili (programu za kuiga mashine ya gemu) ndani ya kompyuta moja zinanipa majibu mawili tofauti. Nani anasema kweli?

#2 FundiChogo

Mleta uzi, mkosaji ni runinga, na nasema hivyo kwa sababu nimezitengeneza hizi za chogo tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Katika mfumo wa NTSC unaotumika Marekani na Japani, aina ya rangi inabebwa na awamu (mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake) ya wimbi la takriban 3.58 MHz, nayo runinga huilinganisha na wimbi fupi la rejea linalotumwa mwanzoni mwa kila mstari. Awamu ikiteleza kidogo tu, rangi nzima inahama, na ndiyo sababu runinga za huko zina kitufe cha kurekebisha aina ya rangi.

Sisi huku tulichukua PAL, ambayo hugeuza sehemu ya awamu hiyo kila mstari wa pili ili kosa la mstari mmoja lifutwe na la mstari unaofuata. Kinachobaki baada ya kufutana huko ni rangi iliyopungua ukolezi. Kwa hiyo buluu yako "iliyopauka" ni kosa la awamu ambalo runinga imelimeza.

#3 NyotaYaKaskazini

Naunga mkono bandiko la 2. Niko Minnesota, nina NES halisi ya Marekani (Famicom ya soko la huku) pamoja na runinga ya chogo yenye kitufe hicho. Nikikizungusha, anga ya Mario inatoka buluu ya mawingu hadi zambarau iliyoiva bila mimi kugusa mashine. Zaidi ya hapo, watengenezaji wengi wa runinga za huku walikuwa wakipindisha kidogo ufasiri wa rangi kwa makusudi ili ngozi za watangazaji zipendeze, kwa hiyo hata kitufe kikiwa katikati huna uhakika kwamba upo kwenye sifuri.

#4 DadaElektroni

Ndugu zangu, FundiChogo ameeleza PAL vizuri, lakini ametoa hukumu kabla ya kumhoji mshukiwa wa pili. Mashine zinazotajwa humu hazina chipu moja. Famicom ya Japani na NES ya Marekani zina chipu ya picha iitwayo 2C02. NES ya Ulaya ina 2C07. Na nakala nyingi zilizouzwa katika nchi za PAL zina chipu za kampuni nyingine, kama zile za UMC za Taiwani, au kila kitu kimewekwa ndani ya chipu moja iliyofunikwa kwa doa jeusi la gundi. Zote zinagawanya duara la rangi katika hatua 12 za nyuzi 30, lakini hakuna sheria inayosema kwamba aliyenakili alianzia pale pale alipoanzia Nintendo, wala kwamba volteji za mng'ao alizitoa zilezile.

Kwa hiyo, mleta uzi, kabla ya kuonyesha kigae chochote, programu yako ijue iko ndani ya mashine gani. Hesabu hatua za kichakataji kati ya picha moja na nyingine. Ukipata takriban 29,780 uko kwenye NTSC. Ukipata 33,247 uko kwenye PAL ya Nintendo. Ukipata 35,464 uko kwenye nakala ya PAL, ile familia ambayo Warusi waliifahamu kwa jina la Dendy. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba huwezi kuzichanganya.

#5 KasetiSitini

Ahsante, dada. Nimeongeza hesabu hiyo na mashine yangu imejibu 35,464, kwa hiyo ni nakala, jambo ambalo bei yake ilikwisha kuniambia.

Sasa nieleze ninavyoonyesha vigae vyenyewe. Kumbukumbu ya rangi ina baiti 32, lakini katika uchoraji wa kawaida huwezi kuonyesha zaidi ya rangi 25 kwa wakati mmoja: moja ya usuli, 12 za mandhari na 12 za vinyago vinavyotembea. Mimi nataka nambari zote 64 zionekane pamoja. Kuna njia ya mlango wa nyuma: ukizima uchoraji huku anwani ya chipu ikielekea kwenye kumbukumbu ya rangi, yaani kuanzia $3F00, skrini inapakwa rangi ile inayoelekezwa. Ukibadilisha rangi hiyo katikati ya mstari kwa wakati unaofaa, unachora vigae bila kuchora. Mstari mmoja una nukta 341, na kichakataji kinapiga hatua moja kwa kila nukta tatu, hivyo mstari ni hatua 113 na theluthi mbili. Nimepanga mistari mitatu mitatu, ya hatua 114, 114 na 113, na kwangu kingo za vigae zimesimama wima.

#6 MwanaMrima

Nimejaribu faili lako kwenye NES yangu ya Ulaya hapa Hamburg. Vigae vimelala mshazari kutoka juu hadi chini, kila mstari umesogea kidogo kuliko uliotangulia, mpaka kijani kinamalizikia palipostahili kuwa na waridi. Rangi zinaonekana, lakini nambari hazilingani na chochote. Je, mashine yangu imeharibika?

#7 DadaElektroni

Haijaharibika. Kwenye 2C07 uwiano ni nukta 3.2 kwa kila hatua ya kichakataji, kwa hiyo mstari mmoja ni hatua 106 na nusu na kidogo, na programu iliyopangwa kwa hatua 114 lazima iteleze kila mstari. Nakala za kina KasetiSitini zilibaki na uwiano wa tatu kwa moja ili gemu za NTSC zisiharibike, ingawa zinatoa PAL. Ni mojawapo ya mambo machache ambayo mnakili alimshinda mwenye mali.

#8 BawabuWaBiti

Nimewasoma tangu mwanzo na naona mnachimba kisima kando ya bomba. Hebu tazameni hesabu: mandhari ina makundi manne ya rangi tatu tatu, jumla 12, na usuli mmoja. Aina za rangi kwa kila ngazi ya mng'ao ni 12, na kijivu kikuu cha ngazi hiyo ni kimoja. Kumi na mbili na moja! Ngazi nzima inaenea kwenye skrini moja ya kawaida, bila kuhesabu hatua hata moja, na itafanya kazi vilevile Dar es Salaam, Hamburg na Minnesota. Skrini nne, mtumiaji anabonyeza juu au chini kuhama ngazi. Kijivu kikae kwenye usuli ili kizunguke kila kigae, kwa sababu jicho haliwezi kuhukumu rangi isiyo na jirani asiye na rangi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kundi la rangi hupangwa kwa eneo la nukta 16 kwa 16, kwa hiyo upana wa vigae ufuate mpaka huo.

#9 KasetiSitini

Mkuu BawabuWaBiti, pendekezo lako nimelichukua kwa ukurasa wa kwanza, lakini ukurasa wa nambari 64 nauacha kwa mashine ambazo hesabu yake inaruhusu. Kuona ngazi zote nne kwa pamoja kunaonyesha kama mng'ao unapanda sawasawa, na hilo skrini nne haziwezi kulionyesha.

#10 MzeeWaKaseti

Vijana, hamjambo. Mimi ni wa Mombasa, nina nakala niliyoinunua miaka ya 1990 na bado inapumua. Ule ukurasa wa 64 umenitia hofu. Picha ilianza kujikunja upande wa juu, kisha ikawa inaruka kama runinga isiyoshika stesheni. Nikihamia kurasa nyingine inatulia. Wajukuu wameniambia nimeiua runinga.

#11 FundiChogo

Mzee, runinga ni nzima. Mhalifu ni nambari $0D. Hiyo ni nyeusi iliyo chini ya nyeusi: volteji yake inashuka chini ya kiwango cha kawaida cha weusi na kukaribia ile ya alama inayoiambia runinga kwamba mstari umeanza. Runinga yenye saketi isiyochagua sana inaona kigae chako cheusi na kudhani ni mwanzo wa mstari mpya, na picha inapoteza mshiko. Gemu nyingi hutumia $0F kwa weusi na kuepuka shari hiyo. Mleta uzi aiondoe kabisa.

#12 MwanaMrima

Aiondoe kwa nini? Kama ni chombo cha kupima, runinga inayoshindwa na $0D imeshindwa mtihani, na mwenye runinga ana haki ya kujua. Iwekwe kwenye ukurasa wake, kigae kidogo katikati, pamoja na onyo la maandishi kwamba picha inaweza kuruka. Nguzo ya E na F, yaani nambari zinazoishia na herufi hizo, ndizo zisizofundisha kitu, kwa kuwa zote nane ni nyeusi ileile, na $1D nayo imo kundi hilo. Vilevile, kwenye 2C02, $20 na $30 ni nyeupe moja, kwa hiyo anayetafuta rangi 64 tofauti ajue mapema kwamba hazipo.

#13 MkaaziMaskati

Salaam kutoka Omani. Naona mnazunguka. Faili la rangi la emuleta ni baiti 192 tu, yaani nambari 64 kwa baiti tatu kila moja, na kila mtu amelitengeneza kwa jicho lake au kwa fomula yake. Hapo huwezi kupata hakimu. Hakimu yupo kwingine: Nintendo yenyewe ilitengeneza chipu inayotoa nyekundu, kijani na buluu zikiwa zimetengana, kwa mashine za PlayChoice-10 zilizowekwa kwenye kumbi za michezo. Rangi hizo ziliamuliwa na kiwanda, si na runinga. Tuzichukue hizo, mjadala ufungwe.

#14 DadaElektroni

Ndugu wa Maskati, chipu hiyo, 2C03, ipo na ni kweli inatoa rangi zilizotengana, lakini haiwezi kuwa hakimu. Kwanza, kila rangi ya msingi ina biti tatu tu, kwa hiyo walichagua iliyo karibu, si iliyo sawa. Pili, rejista ya $2001 (kisanduku cha amri cha chipu ya picha) ina biti tatu za kusisitiza rangi. Kwenye 2C02 msisitizo hupunguza nguvu ya rangi zisizosisitizwa, hivyo picha inafifia, ilhali kwenye 2C03 huipandisha rangi inayosisitizwa hadi kikomo cha juu. Gemu ileile, skrini mbili tofauti kabisa. Na ukichukua ndugu zake wa 2C04 waliotumika kwenye mashine za Vs. System, nambari zenyewe zimevurugwa kwa makusudi ili gemu isihamishwe kutoka mashine moja kwenda nyingine. Hakimu gani huyo?

Kwa kuwa nimetaja msisitizo: kwenye PAL na kwenye nakala zake, biti ya nyekundu na ya kijani zimebadilishana nafasi. Programu iliyokwisha kuitambua mashine iandike jina sahihi, la sivyo mtu atapeleka mashine nzima kwa fundi.

#15 MkaaziMaskati

Hoja ya biti tatu naikubali, ya msisitizo pia, lakini bado nasema aliyeteua rangi za 2C03 aliketi na kuamua kwamba nambari fulani ni buluu, na uamuzi huo una uzito kuliko kitufe cha Minnesota.

#16 NyotaYaKaskazini

Kitufe cha Minnesota kimesikia na kimenyamaza.

#17 BawabuWaBiti

Tutenganishe washukiwa badala ya kuwapigia kura. Biti ya sifuri ya rejista hiyo hiyo ya $2001 hufuta aina ya rangi na kubakiza mng'ao, kwa hiyo kila nambari inakuwa kijivu cha ngazi yake, huku wimbi la rejea likiendelea kutumwa kama kawaida. Mpe mtumiaji kitufe A kiwashe na kuzima biti hiyo. Rangi zikizimwa, ukaona kijivu kina dalili ya buluu au ya waridi, basi tofauti hiyo haitokani na awamu wala na chipu ya rangi. Inatokana na namna runinga inavyochanganya nyeupe yake, au na bomba lake lililozeeka. Kijivu kikiwa safi, lakini $22 bado ikawa zambarau, rudini kwenye awamu.

#18 KasetiSitini

Nimeongeza kitufe A na nimejaribu runinga zote mbili. Ya chogo: kijivu kina ubuluu unaoonekana hata na mtoto. Bapa: kijivu ni safi kabisa baada ya kuitoa kwenye hali ya rangi kali iliyokuja nayo kutoka dukani, na $22 bado ni zambarau. Nimepiga picha za simu, nitaziweka jioni.

#19 MwanaMrima

Picha za simu zisiwe ushahidi mpaka ufunge urekebishaji wa nyeupe na wa mwanga. Simu ikiachwa huru inatazama skrini ya buluu, inaamua kwamba chumba kina mwanga wa buluu, na inausahihisha.

#20 NyotaYaKaskazini

Matokeo ya KasetiSitini yanafungua mlango mwingine. Nyeupe ya runinga za Japani kwa desturi iliwekwa karibu na Kelvini 9300, yenye ubaridi wa buluu, wakati kiwango cha studio za Marekani ni karibu na 6500. Waliochora gemu hizi walitazama skrini za kwao. Huenda runinga ya chogo ya mleta uzi, kwa bahati tu, inaonyesha walichokiona wao, na runinga bapa, ambayo ni sahihi zaidi kwa vipimo, inaonyesha kitu ambacho hakuna mchoraji aliyekikusudia.

#21 FundiChogo

Au bomba lake limechoka upande wa nyekundu. Nimeona mengi ya namna hiyo: bunduki ya nyekundu inadhoofika, kila kijivu kinageuka barafu, na mwenye runinga anaapa kwamba ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Arekebishe nyeupe kwa zile skrubu za ndani kwanza, akiwa na mtu anayejua volteji ya humo inaua, halafu turudi kwenye habari za Japani.

#22 DadaElektroni

Yote mawili yanawezekana kwa pamoja, na hakuna linaloeleza zambarau ya runinga bapa, ambayo kijivu chake ni safi. Mwenye oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) na mashine ya NTSC atusaidie. Kwenye 2C02, wimbi fupi la rejea lina awamu ileile ya rangi za nguzo ya 8, zile za manjano inayoelekea tope. Jaza skrini kwa $18, tazama mwanzo wa mstari na katikati yake: mawimbi mawili yapande na kushuka pamoja. Yakiwa pamoja, chipu imeachiliwa, na lawama inabaki kwa mfasiri. Vigae vya kipimo hicho viwe vipana, kwa sababu nukta moja ya NTSC ni theluthi mbili tu ya wimbi la rangi, na ukingo wowote unazaa rangi za uongo.

#23 MwanaMrima

Na wenye nakala za PAL wafanyeje? Mleta uzi hana 2C02, na mimi sina pia.

#24 DadaElektroni

Kwa PAL kuna kipimo cha jicho. Atafute runinga ya zamani ambayo saketi yake ya kuchelewesha mstari, ile inayofuta kosa la mstari mmoja kwa la mwingine, ni dhaifu au haipo. Kosa la awamu litaonekana kama michirizi ya mlalo ndani ya kigae cha rangi moja, mstari wa buluu na mstari wa zambarau kwa zamu. Michirizi ikiwa mizito kwenye $22 kwa mashine yake kuliko kwa mashine nyingine kwenye runinga ileile, mashine yake ndiyo inayoteleza.

#25 KasetiSitini

Nimeongeza ukurasa wenye nguzo tatu tu: $21, $22 na $23, zikizungukwa na kijivu. Sitaandika jina la rangi yoyote. Kila mmoja aseme nguzo ya kati inafanana zaidi na jirani yupi, ataje mashine, runinga na nambari iliyotolewa na hesabu ya mwanzo. Kati ya nguzo na nguzo ni nyuzi 30, kwa hiyo mtelezo wa nyuzi kumi au kumi na tano unatosha kumhamisha jirani.

#26 NyotaYaKaskazini

NES ya Marekani, runinga ya chogo, 29,780, kitufe katikati: inafanana na $21.

#27 MkaaziMaskati

Nakala, runinga bapa, 35,464: inafanana na $23, bila shaka yoyote.

#28 MwanaMrima

NES ya Ulaya, runinga ya chogo, 33,247: $21 mchana, na usiku nikizima taa nasita.

#29 FundiChogo

Mwanga wa chumba tena! Kesho tutasikia na rangi ya pazia. Lakini tazameni: aliyesema $23 ndiye pekee mwenye runinga bapa.

#30 MkaaziMaskati

Na ndiye pekee mwenye nakala kati ya hao watatu, fundi. Usichague ushahidi mmoja na kuuacha mwingine.

#31 MzeeWaKaseti

Mimi sina kaseti ya kisasa ya kupakia faili. Nilichojaribu nilipewa kwa kuazima na mwenyewe amekuja kuichukua. Je, naweza kuchoma programu hii kwenye chipu na kuiweka ndani ya kaseti kuukuu?

#32 FundiChogo

Unaweza, Mzee. Programu haina ujanja wa kubadilisha kurasa za kumbukumbu, kwa hiyo kaseti ya aina rahisi kabisa inatosha: kilobaiti 32 za programu kwenye chipu ya kuchoma ya 27C256, na kilobaiti 8 za michoro kwenye 27C64. Fungua kaseti na uthibitishe kwamba ndani kuna chipu mbili za miguu, si doa la gundi. Kabla ya kulehemu, linganisha mpangilio wa miguu mmoja mmoja na karatasi ya maelezo, kwa maana chipu za kiwandani za kaseti hazifuati kila mara mpangilio wa zile za kuchoma, na mguu mmoja ukikosea utapata skrini ya kijivu. Ukimaliza, bandika karatasi isiyopitisha mwanga juu ya kidirisha cha kila chipu.

#33 KasetiSitini

Mzee, subiri kidogo kabla ya kuchoma. Ukurasa wa $0D bado hauna onyo, na majina ya msisitizo kwa mashine za 35,464 nayabadilisha usiku huu.